Barua ya Katibu na Taarifa Niliyoiandika

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ofisini na suti, tai na soksi. Viatu nilivuliwa mlangoni, maana ulikuwa mwezi wa pili, theluji imejaa njiani, na mlinzi wa jengo alinionyesha kwa kidole kwamba ndani hapaingizwi tope. Suti ile alinishonea kaka yangu Tanga, wiki moja kabla sijapanda ndege. Nilikotoka, mtu hakuripoti kazini siku ya kwanza bila tai. Basi nilisimama mbele ya bosi wangu wa kwanza wa Stockholm nimenyoosha shingo, huku kidole gumba cha mguu kinachungulia kwenye tundu la soksi.

Bosi huyo alikuwa Mkuu wa Karakana, mtu mrefu, mwenye vidole vinene kama vya mwashi. Nilimwamkia kwa Kiswidi changu cha kukariri, nikamwita Bwana Mkuu.

"Hapa hakuna bwana," akasema. "Mimi naitwa Holger. Kanawe mikono."

Kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu kulinichukua miaka miwili. Hata leo moyoni namwita Mzee Holger, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Vijana wa chama chetu hapa Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, wameniomba niandike juu ya kazi niliyoifanya, kwa sababu wengi wanadhani nilikuwa mkutubi, na wengine wanadhani nilikuwa mfagizi. Nilikuwa mhifadhi wa nyaraka. Mwanahistoria anasoma kilichoandikwa kwenye karatasi. Mhifadhi kazi yake ni karatasi yenyewe isife. Anaziba palipotoboka, anaunga palipochanika, anaondoa ukungu, na akimaliza, aliyoyafanya yasijitokeze machoni. Nilifanya kazi hiyo katika jumba la nyaraka la taasisi moja binafsi mjini, ambalo jina lake sitalitaja. Nilikuja kujifunza kwa miezi kumi na minane. Nikakaa hadi kustaafu.

Siku ile ya kwanza Mzee Holger alinipa karatasi moja kuukuu isiyo na maandishi, akanikalisha dirishani. "Niambie unaona nini," akasema, akaenda zake.

Nikaitazama. Aliporudi nikamwambia haina kitu.

"Tazama tena."

Kufika saa sita mchana nilikuwa nimeona mistari myembamba iliyoachwa na waya wa kile kichujio walichotengenezea karatasi zamani. Baada ya chakula nikaona alama ya maji, yaani chapa ya mtengenezaji inayoonekana kwenye mwanga tu. Hii ilikuwa ya chungu chenye ua. Jioni jua lilipolala upande wa dirisha nikaona unywele mmoja uliogandia ndani ya karatasi, wa mtu aliyekufa miaka mia nne kabla sijazaliwa.

"Sasa umeanza kazi," akasema Mzee Holger, akazima taa yake ya mezani.

Alinifundisha kupika gundi. Sisi tulitumia wanga wa ngano, unaukoroga kwenye moto mdogo kama uji wa mtoto, unauchuja kwenye chujio la nywele za farasi mara tatu, hadi uwe laini usioshika kidole. Palipochanika tulibandika karatasi ya Kijapani, nyembamba kama ganda la kitunguu lakini yenye nyuzi ndefu zinazoshika. Gundi ya dukani ilikuwa haramu. Gundi ya dukani haitoki, na sheria ya kwanza ya karakana yetu ilikuwa kwamba lolote unaloitendea karatasi, atakayekuja baada yako aweze kulitengua.

Sheria ya pili ilikuwa kitabu cha hali. Kila waraka ulioingia uliandikiwa humo: umekuja ukiwaje, una madonda gani, umetibiwa kwa nini, na nani aliyeagiza. Mzee Holger alikuwa mkali kwa kila kipengele isipokuwa hicho cha mwisho. Alikuwa akisema maagizo katika nyumba ndogo kama ile yanajulikana, watu tuko sita tu, tunakunywa kahawa meza moja.

Mwaka wa tatu nilipelekwa Södertälje, mji wa jirani. Mabomba ya ghala la taasisi yalikuwa yamepasuka na masanduku ya nyaraka yalikuwa yamelala majini siku mbili. Nilikaa huko mwaka na nusu, nikipanda treni ya asubuhi pamoja na watu wa viwandani, chini ya Mkuu wa Ghala, mzee asiyesema mara mbili. Siku ya kwanza nilimuuliza kama tusubiri kikao cha wakubwa kabla ya kuanza kukausha.

"Karatasi iliyolowa haisubiri kikao," akanijibu. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyomsikia akiyasema.

Niliporudi mjini nilikuwa nimeoa. Mke wangu Mwanahawa alikuja kutoka Tanga, akapata kazi kwenye nyumba ya wazee huku Skärholmen. Mzee Holger ndiye aliyeomba nirudishwe. Alimwambia Mkurugenzi kuwa mikono yangu haitetemeki. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, mwerevu sana, aliyelikuta jumba lile halijulikani na mtu akalifanya litembelewe. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ni yeye aliyeutia saini kila mwaka. Kibali changu cha kukaa nchini kilifuata mkataba, na cha Mwanahawa kilifuata changu. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilikuwa huru kuliko nilivyokuwa. Wala msidhani nayasema kujitetea.

Ndipo zikaja barua za Katibu.

Familia moja ya makabaila ilikuwa imeuza nyumba yao ya shamba na kutuachia makaratasi yao. Humo ndani mlikuwa na barua kumi na moja za Mwingereza mmoja. Jinsi zilivyofika Uswidi hakuna aliyejua kwa hakika. Mtu huyo, kabla ya kupanda cheo, aliwahi kutumwa Uholanzi kama mjumbe, na rafiki aliyekuwa akimwandikia alikuwa huko. Huenda kizazi cha rafiki huyo ndicho kilichohamia huku na sanduku lao. Jina lake liko kwenye vitabu, anayetaka atalipata. Karakana nzima tulimwita Katibu.

Mzee Holger alisoma Kiingereza cha kale kama mimi ninavyosoma gazeti. Wakati wa fika, yaani ile kahawa ya saa tisa ambayo Waswidi hawaivunji hata kwa msiba, alitusimulia maisha ya mtu yule kidogo kidogo kwa wiki nyingi.

Katibu hakuzaliwa mkubwa. Alipanda kwa kalamu. Alijua lugha, alijua kukaa kimya, na alijua kuandika barua ambayo kila mtu aliyeisoma aliona imeandikwa kwa faida yake. Malkia wa mwisho wa ukoo wa Tudor alimwona, akampa ujumbe mmoja, kisha mwingine, mwishowe akamfanya mmoja wa makatibu wake wakuu. Huyo alikuwa mtu wa kuogopwa. Hakuna karatasi iliyomfikia Malkia bila kupita mkononi mwake, na mabwana wenye mashamba na askari walimsubiri kwenye korido.

Malkia yule alikuwa amemfunga binamu yake, naye malkia, kwa miaka karibu ishirini. Washauri wakataka mfungwa auawe. Mahakama ikahukumu. Ikabaki hati moja tu itiwe saini, na Malkia hakutaka kuonekana ameitia. Akachelewa, akachelewa. Siku moja akamwita Katibu, akaitia saini katikati ya makaratasi mengine, akampa. Katibu akaipeleka ipigwe muhuri. Washauri wenzake, kwa kuogopa Malkia asigeuke, wakakaa, wakakubaliana kuituma bila kumuuliza tena. Mfungwa akakatwa kichwa.

Habari zilipofika, Malkia alilia, akapiga kelele, akasema hakuagiza hati itoke. Alisema alimwambia Katibu aikalie. Katibu akashikwa, akapelekwa kwenye ngome ya London, akahukumiwa. Baada ya muda walimtoa, lakini kiti chake hakurudishiwa. Akafa mtu wa kawaida, miaka mingi baadaye.

"Na wale washauri wengine?" niliuliza. Tulikuwa tumekaa mimi, yeye na mpiga picha wa jumba.

"Waliendelea na kazi zao," akasema Mzee Holger.

Barua ya kumi na moja, ya mwisho, Katibu aliiandika akiwa kifungoni. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa chuma, na chuma kikizidi kinaila karatasi polepole, kinaitoboa kila palipo na herufi. Ukiinua karatasi ya namna hiyo unaona mwanga ndani ya maneno. Mwenye nayo mmoja wa zamani aliona inasambaratika, akaibandika kwenye kadi nene kwa gundi ya ngozi. Ile kadi ndiyo iliyokuwa ikiishikilia, na gundi ile ile ndiyo iliyokuwa ikiiua.

Asubuhi moja Mzee Holger aliiweka chini ya taa, akanisomea yale aliyoweza kuyasoma. Katibu hakumtukana Malkia. Alimwomba rafiki yake jambo moja. Alitaja mabwana wanne waliokuwa chumbani siku hati ilipozungumzwa, kila mmoja kwa jina, na kila mmoja alisikia nini. Akaomba wakumbushwe. Hakuomba wamtetee, alisema, waseme tu walichokisikia.

"Walisema?" nikauliza.

"Barua haijui," akajibu. "Ni ya mwisho."

Mkurugenzi alikuwa ameandaa maonyesho. Wageni wakubwa walikuwa waje, na barua ya kifungoni ndiyo aliyotaka iwe katikati ya chumba. Alikuja karakana siku ya Jumanne, akasimama kati ya meza yangu na ya Mzee Holger. Nakumbuka alishika kikombe cha kahawa, jambo ambalo kwetu lilikatazwa, na hakuna aliyemwambia.

"Itakuwa tayari Ijumaa?" akauliza.

"Haitakuwa tayari mwaka huu," akasema Mzee Holger. "Kadi itolewe kwa mvuke, kidogo kidogo. Kwanza nijaribu wino kwa tone moja moja. Miezi mitatu, ikienda vizuri."

"Nyingine mlizitia kwenye maji, zikatoka kwa siku moja."

"Nyingine wino wake ni mwingine."

"Holger," akasema, "nimeshawaalika watu. Itie kwenye maji. Lawama nitabeba mimi." Akanigeukia, akatabasamu. "Shabani yupo, amesikia."

Nikatabasamu nami. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Jumatano Mzee Holger hakuanza. Alizunguka meza, akachemsha maji, akayaacha yapoe. Nilimwambia, "Mzee, mwandikie kwamba hutafanya." Alinitazama kama mtu aliyechoka. Alisema amegombana na Mkurugenzi mara tatu mwaka ule, na mara ya nne watamwona mzee mkorofi asiyetaka jumba liendelee. Alisema pia, na hili sijalisahau, kwamba huenda ni yeye anayeogopa kupita kiasi, na mikono yake imetoa makumi ya kadi kama ile.

Alhamisi asubuhi aliilaza kwenye beseni bapa, juu ya wavu, mimi nimeshika upande wa pili. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kwa dakika kumi hapakuwa na kitu. Kisha gundi ikalegea yote kwa mpigo, kadi ikajitenga, na karatasi iliyobaki haikuwa karatasi tena. Maneno yalianza kunyanyuka. Vipande vidogo, vingine sawa na punje ya mchele, kila kimoja na herufi moja au nusu yake, vikaelea juu ya maji na kugeuka geuka. Mzee Holger alitia mkono, akautoa. Hakuna namna ya kushika kitu kama kile. Tulimwaga maji kupitia kitambaa, tukakusanya tulichoweza kwa kibano hadi jioni. Nusu ya ukurasa wa juu ilipona. Mabwana wanne walikuwa kwenye nusu ya chini.

Picha haikuwepo. Mpiga picha alipangiwa aje ikishanyooshwa.

Jumatatu iliyofuata Mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Aliniketisha, akanipa chai badala ya kahawa kwa kuwa alikuwa amegundua ndiyo ninayopenda. Alisema bodi inataka taarifa ya mtu aliyekuwa mezani.

"Andika kitaalamu," akasema. "Ulichokiona, hatua kwa hatua. Joto la maji, muda, kama wino ulijaribiwa au haukujaribiwa."

"Na yale mazungumzo ya Jumanne?"

Alifunga jalada lililokuwa mbele yake. "Mazungumzo si jambo la kitaalamu, Shabani. Kila mtu huyakumbuka kwa namna yake." Kisha akafungua jalada jingine, akaniambia amefurahi kwamba mwezi ujao atanipa mkataba wa kudumu, ili Mwanahawa na mtoto anayekuja wasiwe na wasiwasi.

Hakuniambia nidanganye. Na mimi sikudanganya. Niliandika kurasa mbili. Wino haukujaribiwa: kweli. Maji yalikuwa ya nyuzi thelathini: kweli. Mkuu wa Karakana ndiye aliyeamua kuitia barua majini Alhamisi asubuhi: kweli, ni mikono yake. Kwenye kipengele cha nani aliyeagiza nilipaacha wazi, kama yeye mwenyewe alivyozoea kupaacha wazi.

Jioni ile nilimsomea Mwanahawa, nikimtafsiria. Alikuwa amekaa ameinua miguu kwenye kiti, miguu imevimba kwa ule ujauzito. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na aliyoyasema yule mama?" akauliza.

"Hayo si ya kitaalamu."

"Nani kasema?"

Nikamweleza habari ya mkataba wa kudumu, na kibali, nikidhani atafurahi.

"Mimi usinitie kwenye barua yako," akasema Mwanahawa. "Ukiandika, andika kwa ajili yako. Tukirudishwa Tanga, Tanga kuna watu wanaishi." Akainuka kwa shida, akaenda kulala. Kwa hiyo hata kisingizio cha mke na mtoto sinacho. Alikiondoa siku ile ile.

Niliipeleka asubuhi.

Bodi ilikaa siku tisa baadaye. Siku zote hizo Mzee Holger alikuja kazini saa moja na nusu kama kawaida, tukapika gundi, tukanywa kahawa meza moja. Hakuniuliza nimeandika nini. Mara mbili tatu nilimwona ameacha kazi ananitazama, kisha anainamia meza yake. Bodi ikamwita, akaingia, akatoka. Hawakumfukuza, hapa watu wa umri wake hawafukuzwi kwa mlango wa mbele. Walimpa chumba cha chini apange upya vitabu vya orodha, peke yake, pasipo meza ya maji wala taa ya kazi. Alivumilia miezi minne, akaomba kustaafu mapema. Siku aliyoondoka alinikabidhi kisu chake cha mfupa cha kulainishia mikunjo, na funguo za kabati, na hakunipa mkono.

Mwaka uliofuata mimi nikawa Mkuu wa Karakana. Mkurugenzi alisema kwenye hotuba kwamba uaminifu wangu wa kitaalamu ulijulikana na wote.

Nilikaa kwenye kiti kile miaka ishirini na mbili. Sitasema nilifanya vibaya. Nilifundisha watu, wengine sasa ni wakuu kuliko nilivyokuwa. Kwenye kitabu cha hali niliwalazimisha waandike jina la aliyeagiza kila mara, hata agizo likiwa la kubadilisha bahasha, na waliniona mtu wa vijambo vidogo. Mkurugenzi alistaafu kwa heshima. Waliomfuata walikuwa watu wema, wenye haraka kama wote. Nusu ya barua ya Katibu iliwekwa kwenye bahasha, ikaandikwa kwamba imeharibika wakati wa matibabu. Nilikuwa na ufunguo wa kabati lile na sikulifungua.

Nilimtembelea Mzee Holger mara moja. Ilikuwa baada ya miaka saba. Alikuwa akiishi kwenye fleti ndogo ya ghorofa ya tatu, mke amekufa, binti yake anaishi mji mwingine. Alifungua mlango, akanitambua, akanikaribisha ndani. Tulikunywa kahawa. Nilimweleza aina mpya ya wanga tunaoagiza Japani, nikamweleza kuhusu mashine ya unyevu. Nilizungumza kama nusu saa bila kupumua, nikakwama.

"Umekuja kuniambia nini?" akauliza.

"Nimekuja kukujulia hali, mzee wangu."

"Nilingoja siku tisa," akasema. "Sikutaka kukuuliza, maana ukimwuliza mtu unamfunga. Kila asubuhi nilijua leo utasema. Siku ya kumi sikungoja tena, na tangu hapo nimelala vizuri." Akaitazama saa yake ya ukutani. "Basi umeniona. Sijambo."

Nikavaa viatu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye treni njia nzima kwa Kiswidi sanifu, na niliteremka nayo ngazi za ghorofa zote tatu.

Alifariki miaka kumi na tano baadaye. Nilisoma gazetini, mazishi yakiwa yameshapita.

Mwaka mmoja baada ya hapo ilifika zamu yangu ya kustaafu. Walifanya sherehe kwenye chumba cha maonyesho, keki ya kijani ya Kiswidi, maua, hotuba. Binti yangu Rehema alikuwepo, mtu mzima sasa, na Mkurugenzi wa zamani naye alikuja, mzee, na mkongojo, akakaa mbele. Nilipopewa nafasi nilikuwa nimeandika shukrani. Niliikunja karatasi. Nikasema kwamba barua ya Katibu iliingizwa majini kwa amri, kwamba nilikuwepo amri ilipotolewa, kwamba Mkuu wa Karakana aliyenitangulia aliikataa, na kwamba mimi nililijua hilo nilipoandika taarifa iliyomwondoa. Sikumtaja aliyeamuru. Waliokuwa mle walijua.

Mtu mmoja akapiga makofi mara mbili, akaacha. Kisha mwanamke wa utawala akasema kwa upole kwamba keki inaanza kuyeyuka, na watu wakasogea kwenye meza wakishukuru kuwa na mahali pa kusogea.

Mkurugenzi wa zamani alinijia. Alinishika mkono. "Sikumbuki hivyo," akasema. Nilimtazama usoni, na naapa hakuwa akidanganya. Alikuwa amekwisha kusahau. Kwa miaka yote hiyo niliyoibeba siku ile, yeye alikuwa ameshaitua.

Ndani ya treni ya kurudi Skärholmen Rehema aliniuliza kwa Kiswidi, kama alivyozoea, mbona sikusema zamani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba niliogopa. Akauliza niliogopa nini. Nikataja mkataba, kibali, nyumba. Alitikisa kichwa taratibu, akatazama nje mpaka tukashuka.

Sasa vijana wangu, mmeniomba mafunzo ya kazi. Gundi mtajifunza, na siku hizi kuna mashine. Ninaloweza kuwaambia ni kwamba siku ile haikuja na ngoma. Ilikuja na kikombe cha chai, na mtu mpole, na kipengele kimoja cha karatasi kilichoachwa wazi. Nilidhani siku ya kupimwa ningeitambua. Na nilidhani ukweli unakaa, kwamba naweza kuuchukua nitakapokuwa tayari. Nilipousema ulikuwa haumfai tena mtu hata mmoja, labda mimi, nami haunifai sana.

Baada ya kustaafu nilitafuta anwani ya binti wa Mzee Holger, nikamwandikia kurasa tatu. Nilieleza yote, na safari hii nilimtaja kila aliyekuwa chumbani. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, kadi yenye mistari michache. Aliandika kwamba baba yake alijua tangu mwanzo nilichokiacha kwenye taarifa. Alisema mpaka mwisho baba yake alikuwa akiwaambia watu kwamba fundi bora aliyewahi kumfunza alikuwa kijana mmoja wa Tanga, mwenye mikono isiyotetemeka. Kisha akaniomba nisimwandikie tena.

Sijamwandikia.